Mlima Uliotoka Kwenye Birika

Katika nchi ambayo haipo, na kama ipo basi si hiyo unayoifikiria, kulikuwa na bonde la jangwa liitwalo Ukaango. Waliolipa jina hilo hawakufikiri sana. Ukilitazama kutoka ukingoni lina umbo la ukaango, na ukishuka ndani unakaangwa. Mchana mawe yake hayashikiki, kuku hutaga huku wakihema, na upepo ukivuma ni kama mtu kafungua mlango wa tanuri. Hakuna mahali pa chini kuliko hapo katika nchi hiyo nzima. Ukidondosha chungwa popote pale nchini na likaachwa libingirike, mwisho wake ni Ukaango.

Kwenye ramani ya serikali, lakini, Ukaango ni mlima. Na si mlima mdogo. Una mita elfu nne na mia mbili, umezungushiwa mistari ya mwinuko iliyobanana kama ukili wa mkeka, na kileleni umeachwa mweupe kuonyesha theluji. Ndio mlima mrefu kuliko yote nchini. Umo kwenye stempu, umo kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, na hakuna kiongozi ambaye hajawahi kujifananisha nao.

Isidhaniwe kwamba serikali haikuwajali watu wa mlimani. Kila mwezi wa sita lilikuja lori la masweta. Lori hilo liliteremka bondeni kwa gia nzito, likinguruma na kutoa moshi, kwa sababu kanuni za barabarani zilisema njia ya Ukaango ni ya kupanda, na askari walikaa kwenye kona kumkamata dereva yeyote aliyekanyaga breki. Hakuna mtu mwenye akili timamu, walisema, anayefunga breki akipanda mlima. Zahanati nayo ililetewa dawa za vidole vilivyoganda. Mtu akiumwa kichwa kwa jua, mganga aliandika "ugonjwa wa kilele" na kumshauri ateremke akapumzike bondeni. Wagonjwa walipouliza bonde lipi, mganga aliwaambia wakaulize wilayani.

Mshamu Kirobo hakuwa na ugomvi na masweta. Mkewe Zamoyoni aliyakunja mara nne akayatandika juu ya punda wasichubuliwe na mitungi. Ugomvi wa Mshamu ulikuwa hiyo mitungi. Maji ya karibu yalikuwa nje ya bonde, mwendo wa siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na waliokwenda walikuwa wanawake. Binti yao, Mwaka, alikuwa na mimba ya miezi saba na bado alikuwa katika msafara. Mshamu alikuwa fundi wa visima, kazi aliyoifanya nje ya bonde kwa miaka thelathini, na alijua kama anavyojua jina lake kwamba chini ya mikoche mitatu iliyoota katikati ya Ukaango kuna maji matamu, pima kumi na mbili kwenda chini, pengine kumi na tatu. Mkoche haubaki kijani kwa mapenzi ya serikali.

Kibali cha kuchimba alikuwa amekiomba hata kabla binti hajashika mimba. Jibu lilikuja baada ya miezi tisa, nalo lilikuwa fupi: ombi limekataliwa, kwa kuwa chini ya kilele cha mlima hakuna maji, bali kuna mlima.

Mshamu akachimba bila kibali. Alifika pima mbili, sajini wa kituo cha Ukaango akaja na askari wawili, wote wamevaa makoti ya manyoya na jasho linawatiririka hadi kwenye viatu, wakamkamata kwa kosa la kutoboa mlima wa taifa. Shimo lilifukiwa. Mshamu alilala mahabusu siku nne, na alipotoka alimwambia mkewe kwamba anakwenda mji mkuu kuifuta hiyo ramani.

"Baba Mwaka," Zamoyoni alimwambia, "nenda. Lakini usiwatukane mpaka wamalize kukusikiliza."

Alikuwa anamjua.

*

Sasa kuhusu ramani yenyewe. Mshamu alijua ilivyotengenezwa, maana aliyeitengeneza alikuwa baba yake.

Zamani za mkoloni alikuja mpima ramani mmoja ambaye watu walimwita Bwana Hema, kwa sababu hakutoka ndani yake. Alitumwa kupima Ukaango. Siku ya kwanza alitoka nje, akapigwa na jua, akarudi hemani, na hakuonekana tena mpaka siku ya kuondoka. Kazi ya kupima alimwachia mbeba birika, Kirobo.

Wakati huo urefu wa nchi ulipimwa kwa maji ya moto. Ukiwa pwani, maji huchemka kwenye digrii mia. Kadiri unavyopanda ndivyo yanavyowahi kuchemka. Kila digrii moja iliyopungua ni mita mia tatu umepanda. Kwa hiyo mpima huwasha moto, hutia kipimajoto kwenye birika, husubiri maji yachemke sawasawa, kisha husoma namba. Bwana Hema alimfundisha Kirobo kusoma namba, akamwonyesha maana ya kuchemka kwa kutikisa vidole, akalala.

Kirobo alikaa juani mbele ya birika. Alikuwa hajanywa chai tangu alfajiri. Alipoona vipovu vya kwanza vinapanda ukingoni aliona hiyo yatosha, akasoma kipimajoto, kikasema themanini na sita, akatia majani na sukari. Bwana akauliza kutoka ndani. Kirobo akajibu themanini na sita, na akampelekea kikombe.

Bwana Hema alipiga hesabu mara tatu. Mia kutoa themanini na sita ni kumi na nne, kumi na nne mara mia tatu ni elfu nne na mia mbili. Angeweza kuinua turubai akachungulia nje. Hakuinua. Alichora mlima, akaupaka theluji, na akaandika pembeni kwamba hewa ya huko ni nyembamba sana na ndiyo maana yeye binafsi alikuwa akihema.

Mkoloni aliondoka, akachukua viti vizuri, akaacha ramani. Nchi mpya ikaipitisha kuwa sheria.

*

Wizara ya Ramani na Mwinuko ilikuwa jengo la ghorofa saba, na kila mtumishi alikaa ghorofa inayolingana na urefu wa mahali anaposhughulikia. Ukaango ulikuwa ghorofa ya saba. Mshamu alipanda ngazi, lifti ikiwa imeharibika tangu ilipozinduliwa, akamkuta Afisa Mwinuko, bwana mmoja mwembamba aitwaye Lutengano, amejifunga shali shingoni kwa heshima ya ofisi.

Mshamu alieleza yote. Alieleza bonde, joto, birika, chai ya baba yake. Alikumbuka maneno ya mkewe na hakutukana. Lutengano alisikiliza, akaandika, kisha akafungua ramani mezani na kuweka kidole juu ya ule weupe. Akauliza kama Mshamu anasema huu mlima haupo. Mshamu akasema haupo. Lutengano akauliza kama anaishi hapo. Mshamu akasema anaishi hapo tangu azaliwe.

"Basi mzee, tusaidiane," Lutengano alisema. "Mlima ulikabidhiwa kwa taifa ukiwa mzima, nina hati hapa. Wewe ndiye uliyekuwa nao miaka yote hii. Ukisema haupo, utatueleza umeupeleka wapi."

"Mimi nipeleke mlima wapi?"

"Hilo ndilo tunalouliza."

Mshamu alimuuliza kama amewahi kufika Ukaango. Lutengano akasema hapana, daktari wake amemkataza kupanda milima. Hapo Mshamu akaona subira imemwishia, akamwambia afisa yule kwamba binti yake ana mimba na anatembea siku mbili jangwani na mtungi kwa sababu ya chai ya mtu aliyekwisha kufa, na kwamba kama ramani ni kubwa kuliko ardhi basi Wizara ihamie kuishi kwenye karatasi, itoke kwenye ardhi za watu.

Wengine wangefukuzwa. Lutengano, lakini, aliiandika hiyo habari ya ramani kuwa kubwa kuliko ardhi, akaipenda, na ikaja kuwa kaulimbiu ya Wizara mwaka huo. Halafu akafungua kitabu cha kanuni, akatafuta, na akapata kwamba mwananchi mwenye shaka na mwinuko anaruhusiwa kuomba upimaji wa pili. Masharti ni matatu. Upimaji ufanyike kwa njia ile ile ya kwanza. Utumie maji ya mahali penyewe. Na Waziri awepo, ahutubie.

Mshamu akasema sawa. Maji yakichemka kweli kweli, namba itasema mia, mlima utakwisha, na yeye atachimba. Aliweka dole gumba kwenye fomu.

*

Waziri alikuja na magari kumi na mawili, yote kwa gia nzito. Aliitwa Mheshimiwa Profesa Makwinya. Uprofesa aliupata mwenyewe, siku aliyougundua. Alishuka amevaa koti refu la sufi, kofia ya masikio na glavu, na nyuma yake watu wawili walibeba mtungi wa hewa kwa ajili ya mapafu yake. Lutengano naye alikuwepo, ameletwa kwa amri, amefumba macho asione kina kirefu kilichokuwa kila upande wa mlima.

Watumishi watatu walizimia kabla ya zulia kutandikwa. Mganga alisema ni urefu. Wakafunikwa blanketi.

Moto ukawashwa. Birika lilikuwa lile lile la zamani, limetolewa jumba la makumbusho kwa hati na kusindikizwa na askari. Yakatakiwa maji ya mahali penyewe. Zamoyoni na wenzake walikuwa na mitungi, lakini maji yao yalitoka nje ya bonde, kwa hiyo hayakufaa kisheria. Maji pekee yaliyozaliwa Ukaango yalikuwa kwenye kidimbwi cha magadi chini ya mwamba, yenye chumvi kiasi kwamba mbuzi akiyanusa hugeuka na kukuangalia kama umemtusi. Yakachotwa hayo, birika likajazwa, kipimajoto kikatumbukizwa, na Waziri akapanda jukwaani. Kwa mujibu wa itifaki hakuna mtu anayesoma kitu chochote Waziri anapohutubia.

Mheshimiwa Makwinya alisema kwamba kuna mataifa ambayo milima yake ni mirefu kwa sababu ya mawe tu, na hayo ni mataifa ya kuhurumiwa. Mlima wetu, alisema, ni mrefu kwa sababu ya utashi. Alisema akisimama hapa kileleni anaona nchi yote ikiwa chini yake, na akanyoosha glavu kuelekea kwenye ukuta wa bonde uliokuwa umemzidi kwa juu kama ukuta wa kisima unavyomzidi chura. Alieleza historia ya theluji. Aliwashukuru wananchi kwa kuvumilia baridi. Nusu saa ikapita. Maji yakachemka, Mshamu akayaona yakichemka sawasawa, yanapiga kifuniko.

Alimgusa Lutengano, akamnong'oneza kwamba maji tayari, yasomwe sasa. Lutengano alionyesha jukwaa kwa kidole.

Waziri akaingia sehemu ya pili ya hotuba.

Zamani maji yalitolewa motoni mapema mno kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye hamu ya chai. Safari hii hakuna aliyekuwa na hamu. Chai ya magadi haitamaniwi na mtu. Birika likachemka saa nzima bila mwenyewe. Mvuke ukapungua, maji yakapungua, chumvi ikabaki, na kwa vile maji ya chumvi huchelewa kuchemka kuliko maji matupu, kipimajoto kikaanza kufanya kitu ambacho Mshamu hakukitegemea. Kilipita mia. Mshamu aliinama akatazama kwa jicho moja. Kikapita mia na mbili. Alitaka kulitoa birika motoni kwa mikono yake, na sajini mwenye koti la manyoya akamkanyaga mguu.

Hotuba ilipokwisha na makofi yalipokwisha, Lutengano alisoma kwa sauti. Mia na nne.

Kamati ya hesabu ilikaa chini ya mwavuli. Ilikuwa na watu watano, na wa tano alikuwa anajua hesabu. Huyo aliandika, akafuta, akaandika tena, akaenda akamnong'oneza Lutengano, na Lutengano akaupaka uso wake jasho kwa shali akidhani anaufuta. Digrii nne zimezidi mia. Nne mara mia tatu ni elfu moja na mia mbili. Kwa kuwa zimezidi, si za kupanda.

Alimwambia Waziri kwamba Mlima Ukaango, kwa kipimo cha kisheria, upo mita elfu moja na mia mbili chini ya usawa wa bahari.

Mshamu alijua kwamba namba ile ni ya uongo kama ile ya kwanza, ila imeelekea upande mwingine, na aliona kisima chake kinazikwa mara ya pili. Waziri alisimama, macho yamefumbwa, midomo inacheza. Kisha akavua kofia ya masikio.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi siku zote nimekuwa nikisema hii ni bahari."

Makofi yakalipuka. Waliozimia waliamshwa ili nao wapige.

*

Serikali ile ina sifa zake, na moja ni kwamba ikishakosea haicheleweshi. Ndani ya majuma mawili Ukaango ukapakwa rangi ya buluu kwenye ramani, stempu ikachorwa mawimbi, ubeti wa pili ukatungwa upya. Lori likaja tena, safari hii limejaa maboya. Zamoyoni aliyajaribu juu ya punda, akaona yanakaa vizuri kuliko masweta. Ukingoni mwa bonde likawekwa bango la kukataza kuogelea bila mwangalizi. Sajini na askari wake walivua makoti ya manyoya, wakapewa kaptura nyeupe, na kwa mara ya kwanza wakaonekana wakicheka.

Mimba ya Mwaka ikaingia mwezi wa nane. Akaenda na msafara, akarudi amebebwa juu ya punda, na mtungi wake wameugawana wengine. Usiku huo huo Zamoyoni alimwambia mumewe kwamba mtoto yule hatakwenda tena, na kama hatakwenda basi maji yake yatapungua, na kama yatapungua siku ya kujifungua yeye hajui wataoshea nini. Asubuhi Mshamu alikwenda kwenye ofisi mpya.

Ofisi ilikuwa hema jeupe lenye bendera ya samaki. Afisa wa Bahari aliitwa Bi. Siwatu, mama wa makamo aliyehamishiwa hapo kutoka pwani ya kweli, na alikuwa amevaa boya kama kanuni inavyotaka, ameketi kwenye mashua iliyoegemezwa juu ya mchanga. Alimkaribisha Mshamu apande. Mshamu akapanda, wakakaa wawili mashuani kwenye jua.

Alisema ameleta ombi la kuchimba kisima. Bi. Siwatu alipekua kitabu chake mbele na nyuma. Alisema kwa masikitiko kwamba hakuna kibali cha kuchimba kisima baharini, kwa kuwa tangu dunia iumbwe hakuna mtu aliyekiomba.

Mshamu alishusha pumzi. Alikuwa karibu kumtukana. Lakini mama yule alikuwa amechoka usoni kama watu wote waliotumwa mahali pasipo na maana, kwa hiyo akamuuliza swali moja tu.

"Mama, mtu akitaka kuchota maji baharini, anaomba kibali kwa nani?"

"Kuchota maji baharini?" Bi. Siwatu alimtazama kama anatazama mgonjwa. "Baba, bahari ni ya watu wote. Chota utakavyo."

"Na maji yakiwa chini kidogo?"

Alifikiri. Akaangalia bonde, mchanga, mikoche mitatu, kisha akamwangalia Mshamu, na kwa mara ya kwanza tangu ahamishwe uso wake ukalegea.

"Unajua mwenyewe urefu wa mkono wako," alisema.

Mshamu alianza siku hiyo hiyo. Sajini alikuja siku ya pili, akasimama ukingoni mwa shimo na kaptura yake, akauliza kinachoendelea. Kutoka chini akajibiwa kwamba watu wanachota maji ya bahari. Sajini akalitafuta kosa katika jambo hilo, akalikosa, akauliza kama wanahitaji kamba ndefu zaidi. Katika pima ya tisa udongo ulibadilika rangi. Katika ya kumi na moja ulishikana mkononi. Pima ya kumi na tatu Mshamu alipiga sururu, akausikia udongo ukiitika kwa sauti aliyokuwa akiijua miaka thelathini, akatoka haraka, na maji yakamfuata.

Yalikuwa matamu. Zamoyoni aliyaonja kwanza, akampelekea Mwaka bakuli zima, naye akanywa mpaka bakuli likaisha. Mtoto alizaliwa baada ya siku kumi na tisa, wa kike, akaoshwa mara mbili, ya pili kwa raha tu.

Mwisho wa mwezi Bi. Siwatu alikuja kufanya ukaguzi, kama kanuni inavyotaka. Alivua boya, akalitandika chini, akakalia. Mshamu alimletea kikombe, akanywa. Akaomba kingine, akanywa. Kisha akafungua daftari la serikali, akalamba ncha ya kalamu ya risasi, na akaandika taarifa ambayo ipo Wizarani mpaka leo na imepigwa mihuri mitatu:

"Bahari ya Ukaango imekaguliwa. Ina shimo moja, na shimo hilo lina maji. Sehemu iliyobaki ya bahari ni kavu na ipo katika hali ya kuridhisha."